Sayari ya Nne

Baba yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, alipata kiharusi, akalazwa hospitali Mbeya. Hadi siku ya nne alikuwa hajatamka neno. Asubuhi hiyo, nikimlisha uji, nilianza kumtajia sayari kama alivyotufundisha utotoni, nyumbani Iringa.

“Za ndani ni nne,” nikasema bila uhakika. “Zebaki, Zuhura, Dunia na Zohali.”

Baba akausukuma mkono wangu wenye kijiko. Akahangaika na mdomo, kisha akasema polepole, “Mirihi. Zohali… ya nje.”

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Nikampigia simu mama, aliyebaki nyumbani, Ipogolo, kule Iringa.

“Mama, baba ameongea!”

“Amesema nini?”

“Kwamba nimekosea.”

Mama akashusha pumzi ndefu. “Basi huyo ni yeye,” akasema.