Salamu Nilizotunga kwa Jina la Mama

Siku ile tulikuwa tunaanika kahawa uani. Mama alikaa kwenye mkeka akichambua punje zilizooza, na mdogo wangu Dezire alikuwa barazani akisikiliza kesi ya mpaka wa shamba. Baba alikuwa mwami, mtawala wa vilima vyetu. Alipofariki, kiti kilimwangukia Dezire akiwa na miaka ishirini na mitatu. Wazee walimwinamia, mimi bado nilimkaripia asiponawa mikono.

Saa tisa tulisikia risasi ng'ambo ya mto.

Nilifunga nguo za mama kwenye kitenge, nikamwambia Dezire twende wote.

"Yaya," alisema, maana kwetu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "mwami akikimbia, watu watamkimbilia nani?"

"Na wewe ni mtu."

Alimbeba mama mgongoni mpaka barabarani, kisha akarudi.

Tulipovuka mpaka na kufika kambini, barua zake zilianza kunifikia kwa mkono wa mama mmoja muuza chumvi, aliyezishonea ndani ya pindo la kitenge chake. Dezire alianza kila barua kwa "Chère Yaya", mpendwa dada kwa Kifaransa, kama masista walivyotufundisha, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Wenye bunduki walikuwa wanalala sebuleni kwa baba. Milango walikuwa wameifanya kuni. Watoto walisomea kwenye banda la kahawa, na alikuwa anawafundisha hesabu mwenyewe. Mwisho aliuliza: mama anakula? Goti lake je?

Mama alikufa kwa homa, mvua zilipoanza.

Sikumwandikia habari hiyo. Nilimjua: angekuja kumlilia, na njiani kulikuwa na vizuizi vitatu.

Nikaandika kwamba goti limepata nafuu, kwamba mama anamsalimia na anataka avae sweta la baba, asubuhi kuna baridi. Akajibu kwamba amelivaa. Niliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Nilizoea kuitunga sauti ya mama mpaka mara nyingine nikacheka peke yangu, kana kwamba ni yeye amesema.

Halafu siku moja mkono ulikataa. Niliandika ukweli wote, ukurasa mmoja. Muuza chumvi akaondoka nao.

Aliporudi, alikaa chini kabla ya kunisalimu.

"Walikuja kuchoma kijiji," alisema. "Mwami akatoka kuongea nao, watu wapate kupita nyuma, kwenye kahawa. Sisi tulipita."

"Na yeye?"

Alifumua pindo, akanipa barua yangu. Hakuna aliyekuwa ameifungua.

Sasa naishi ughaibuni, Bankstown, nawaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea. Binti yangu anaelewa Kiswahili, ila hunijibu kwa Kiingereza. Jumapili moja, tukitoka kanisani, aliniuliza kama mjomba wake alipata kujua.

"Hakujua."

Akauliza kama hivyo ilikuwa afadhali. Tulitembea mpaka stesheni.

Dezire alikufa akijua ana mama anayemwombea. Hilo nilimpa mimi. Pia nilimnyima kumlilia mama yake, yeye aliyembeba mgongoni. Nimeyapima hayo mawili miaka mingi na sijaona lipi zito. Kunisamehe anaweza kunisamehe mtu yeyote, hata padri. Natamani angekuwepo yeye, anikasirikie.