Mzee Aliyekataa Kunisalimia Chini ya Pijo

Cheka ukitaka. Mimi pombe sionji, na haya yaliponipata ilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka. Gari lenyewe, lile Pijo, bado lipo, njoo mtaani kwetu Migosi nikuonyeshe.

Lilikuwa la mjane mmoja, Mama Achieng. Mumewe alilipenda sana, na alipokufa likakaa chini ya turubai miaka na miaka. Sasa mama alitaka litembee tena, akaniita nilitengeneze pale pale uani kwake. Mume alikufa vipi hakuniambia, nami sikuuliza.

Siku hiyo nilikuwa nabadilisha springi na bushi za mbele. Stendi zangu za chuma za kubebea gari nilikuwa nimemwazima fundi mwenzangu wa Mamboleo, na nikaona uvivu kuzifuata. Nikainua gari kwa jeki, nikalilaza juu ya bloku za simiti, zile za kujengea nyumba. Fundi yeyote anajua bloku haibebi gari, inapasuka bila kukuonya. Nilijua, na bado nikaingia chini. Ujinga ni nini kama si huo?

Nikiwa nafungua bolti, nikaona miguu ya mtu karibu na kichwa changu, viatu vimelowa oili.

"Misawa, Mzee," nikamsalimia.

"Simsalimii mtu aliyelala. Toka unipe mkono."

"Mikono yangu ina mafuta, Mzee."

"Hata yangu. Toka."

Nilikasirika, sikufichi. Lakini hapa kwetu ukiukataa mkono wa mzee umemtukana, na atakusema mtaa mzima. Nikajiburuta nje nikinung'unika moyoni. Akanyoosha mkono wa kulia, kidole cha shahada kimekatika katikati. Nikaushika. Ulikuwa baridi kama spana iliyolala nje.

Bloku ikapasuka. Gari likashuka na kujibamiza ardhini, pale pale kifua changu kilipokuwa.

Niligeuka kutazama gari, niliporudisha macho hakuna mtu. Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka. Nikakimbilia geti: komeo limefungwa kwa ndani, kufuli juu yake. Sasa niambie, alipita wapi?

Mama Achieng alitoka jikoni mbio. Nilipomweleza habari ya kile kidole, aliketi chini kwenye mchanga.

"Ni baba watoto," akasema. "Gari hili ndilo lililomwangukia, hapo hapo. Nilimwita akale, nikiwa mlangoni. Akasema, ngoja nimalize bolti moja. Nikarudi jikoni nikafunika chakula."

Nilikaa naye tu pale chini.

Kazi niliimaliza, ila kwa stendi madhubuti chini ya chasi, kabari kwenye magurudumu ya nyuma, na kila mara nikilisukuma gari kwa bega nione kama litatikisika kabla sijaingia. Mafundi wenzangu wananiita mwoga. Ni kweli, naogopa. Hadi leo nikilala chini ya gari, kila dakika natazama pembeni kama kuna miguu.

Basi wewe, kama mtu wako yuko chini ya gari lililowekwa juu ya bloku, usimwite kutoka mlangoni. Nenda ukasimame pale pale, na usiondoke mpaka atoke.