Krismasi Bila Kuonja

Kila Krismasi bibi hupika tangu alfajiri. Kabla ya kupakua hutuita jikoni, kila mtu akinge kiganja, adondoshewe mchuzi, aseme kama chumvi imekolea. Mwaka huu mama alimwambia, “Mama, magoti yako yanakusumbua. Pumzika, tutakula mkate na mayai tu.”

“Haya, wenye nyumba mmeshaamua,” bibi akajibu.

Siku yenyewe bibi alikaa mezani kama mgeni, mikono imelala mapajani. Mama alipoiona ile mikono, akauweka mkate wake sahanini. Akakinga kiganja kando ya birika.

“Mama, nionjeshe chai.”

“Nikuunguze, halafu nishtakiwe?”

Hata hivyo bibi alipuliza kijiko, akamdondoshea. Mama akasema sukari imekolea, bila kuthubutu kumtazama usoni.