Uani, Nyuma ya Fremu

Watu wanaotoka mbali huniuliza kama Ifakara mjini panafaa kuishi. Nawajibu panafaa, na sisemi uongo. Mtaa wetu una fremu za biashara mbele na vyumba vya kulala nyuma. Unauza na kulala hapohapo. Unafungua mlango asubuhi hujavua hata kanga ya kulalia, mteja keshafika. Kuna muuza vipuri vya baiskeli na pikipiki, kuna duka la dawa, kuna mimi na cherehani yangu. Kanisa liko upande huu, msikiti upande ule, na gesti yetu haina makelele. Saa saba mchana unasikia mtu akipepeta mchele nyumba ya tatu. Mashine ya kukoboa mpunga inanguruma nyuma ya mtaa kutwa, lakini ile tumeizoea, ikizima ndipo tunashtuka. Mtu aliyechoka na vurugu za miji mikubwa, aje.

Ila akija, asiende uani kabla hajaniuliza mimi.

Mguu wangu wa kushoto hauna vidole vitatu, na ngozi yake kutoka nusu ya muundi kushuka chini imekunjamana kama gunia lililokauka juani. Cherehani nakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake. Nimeishia darasa la tano, maneno makubwa sina, lakini kilichoniunguza nakijua vizuri kuliko waliosoma.

Kilichoniunguza ni pumba. Mpunga ukishakobolewa, maganda yake yanabaki pale mashineni, yanakuwa kilima. Kilima kikizidi, wanakitia moto pembeni kipungue. Moto wa pumba hauwaki kama wa kuni. Unaingia ndani, unatafuna taratibu, na juu unaona majivu tu. Mvua ikinyesha inafanya gamba juu, na watu wote wa hapa wanaamini mvua imeshauua. Hapo ndipo wanachota wakajazie viwanja, kwa sababu mji wetu uko bondeni na kila ua una dimbwi. Wanamwaga pumba, wanatandaza udongo juu, wanasema pamekauka. Miaka sita iliyopita, mchana kweupe, nilikuwa napita na beseni la nguo nikaanike. Mguu ukazama mpaka nusu ya muundi. Ndani kulikuwa kwekundu.

Walionifanyia hivyo nawajua. Majina yao siandiki, wana watoto, na watoto hawana kosa. Kazi zao naandika. Wa kwanza ni tajiri wa mashine, aliyegawa pumba zenye moto huku akisema ni msaada wa jamii. Wa pili ni mwenye nyumba wetu, aliyezipokea akazifunika. Wa tatu ni mwenyekiti wa mtaa. Huyo alikuja nimelala, mguu umefungwa, akanikabidhi kilo ya sukari na kuniambia ajali haina mwenyewe. Hakuandika hata mstari mmoja. Na wa nne ni mimi, maana masika ile maji yalikuwa yakiingia chumbani kwangu, nikaenda mwenyewe kwa tajiri kuomba mkokoteni wa pumba. Nilipiga na magoti kumshukuru.

Mimi nimeshajihukumu. Wale watatu bado tunasalimiana. Mwenye nyumba ni mkubwa kwangu, kwa hiyo shikamoo yake anaipata. Naitoa nikiangalia viatu vyake.

Upande wangu wa ua ulifukuliwa baadaye. Upande wa pili, wa fremu ya mwisho, ulibaki na dimbwi lake. Mwaka huu nilikwenda Mlimba kuvuna, nikakaa mwezi mzima. Niliporudi nikakuta dimbwi halipo. Pameinuka, pametandazwa udongo mwekundu, pamelainishwa kama pa kupigia mpunga.

Nikamfuata mwenye nyumba. "Umejaza nini pale, baba?"

"Kifusi."

"Kifusi cha wapi?"

"Wewe mama, nguo za watu zimekwisha kushonwa?"

Jioni ileile simu ikaita. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, anaishi Michenga. Mume wake alikwenda machimboni na hajarudi wala kupiga simu, naye amebaki na binti wa miaka mitatu. Anasuka nywele vizuri sana.

"Mama mdogo, shikamoo. Nimepata fremu ya saluni hukohuko kwako! Ile ya mwisho. Mwenye nyumba ameshanionyesha ukiwa Mlimba, nikasema nisikuambie nikushtukize. Mtaa umetulia, mtoto atacheza uani."

Nilimwambia subiri kwanza. Akacheka. "Nisubiri nini? Kesho nakuja na mizigo."

Nikasema asubuhi nitatafuta nondo nichokonoe ule udongo nijue moja. Asubuhi, nondo sijapata, bodaboda mbili zikasimama mlangoni, moja imembeba mtoto wa dada yangu na binti yake, nyingine magodoro na lile kofia kubwa la kukaushia nywele. Mwenye nyumba alikuwa ameshafika na ufunguo. Sijamwona akiwahi hivyo hata kwenye msiba.

"Rangi mpya," akawa anamwonyesha mtoto wa dada yangu. "Mlango huu wa mbele wateja, huu wa nyuma wako mwenyewe. Hapa hakuna fujo. Hapa unaweza kuishi mpaka uzeeke."

"Mama mdogo, mbona umenuna?" mtoto wa dada yangu akaniuliza. "Hufurahi nimekuja?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Si yuko nyuma, anafukuza kuku."

Nilipita uchochoroni nikishika ukuta, maana nikiharakisha mguu huu unanisaliti. Bado ilikuwa mapema na ukungu wa bondeni haujaisha. Umande ulikuwa umelowesha upande wangu wote, majani, kamba ya nguo, mawe ya kufulia. Ule udongo mwekundu ulikuwa mkavu. Mkavu kabisa, kama uko ndani ya nyumba. Kuku watatu walikuwa wamelala juu yake wamejinyoosha, wanaota joto, na jua halijatoka.

Mtoto alikuwa katikati, amechuchumaa, anawanyemelea.

Nikamwita kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwitia mtoto chai. "Mjukuu wangu. Tulia hapohapo. Usiinuke, usikimbie. Bibi anakuja na kitu kizuri."

Akageuka. "Kitu gani?"

"Kaa hivyohivyo utakiona."

Mama yake akatokea nyuma yangu. Alipouona uso wangu akataka kumkimbilia mtoto. Nikamkamata kanga kwa nguvu mpaka ikachanika. "Wewe ni mzito! Utamzamisha na wewe uzame. Lete ubao. Ule wa shelfu."

"Ubao wangu mpya huo!" mwenye nyumba akasema. Naapa alisema hivyo.

Tukausukuma ule ubao juu ya udongo. Nikalala kifudifudi, nikajivuta. Joto lilikuja kupitia mbao, kupitia gauni, likanishika tumboni, na ule mguu wangu wa kushoto ukaanza kutetemeka wenyewe. Nilikuwa nasema polepole, "Nipe mkono, mama. Huo mwingine pia." Vidole vyake vilikuwa na udongo. Nikamvuta juu ya ubao, juu ya mgongo wangu, mama yake akatuburuta wote kwa kunishika miguu.

Ubao ulipoinuka, ncha yake ikavunja gamba. Ukatoka moshi mwembamba, mweupe, wenye harufu ya mchele ulioungulia chini ya sufuria.

Mwenye nyumba akautazama. "Moshi kidogo tu huo. Pumba zenyewe zilishakufa tangu masika."

"Ulisema kifusi," nikamwambia.

Akakung'uta buti zake.

Ng'ambo ya udongo, kwenye ukuta wa mwisho, kulikuwa na ndoo yake ya kuchanganyia rangi. Nikamwonyesha. "Kama zimekufa, baba, vuka ukachukue ndoo yako. Hatua kumi hazifiki. Umevaa na buti."

Aliiangalia ndoo. Akauangalia udongo. Mtoto wa dada yangu alikuwa amembeba binti yake, anamkagua nyayo, moja, nyingine, tena ya kwanza. Akaacha kukagua akamtazama mzee. Tukamtazama wote, na muuza vipuri naye alikuwa ameshakuja na kitambaa chake cha grisi mkononi.

Mzee akaenda. Lakini hakuvuka. Alizunguka, amejibandika ukutani, anakanyaga ule msingi mwembamba upande-upande, viganja viwili kwenye matofali, na jasho likimtoka kwenye baridi ile. Alijua. Miaka sita nilikuwa nikijiambia labda wakati ule hakujua.

Alipofika na ndoo, mtoto wa dada yangu alikuwa ameshaurudisha ufunguo, ameuweka dirishani.

"Binti, usiwe na haraka," akasema. "Utapata wapi mahali palipotulia hivi?"

"Kwa mama mdogo," akajibu. "Pametulia na hapaungui."

Kwa hiyo tuko watatu chumba kimoja, kofia la saluni limekaa juu ya mafungu yangu ya vitambaa, wateja wa kusuka na wa kushona wanagongana magoti. Mchana ule mwenyekiti alikuja. Safari hii hakuleta sukari. Akasema kwa kuwa hakuna aliyeumia, yaishe. Nikamwomba aandike. Akasema kalamu ameisahau. Mtoto wa dada yangu akampa ya kwake. Mwenyekiti akaishika, akaongea habari za mavuno, akaondoka nayo.

Kesho yake mkokoteni ulileta udongo mwingine, wakafukia pale palipovunjika. Fremu ya mwisho imeandikwa tena kwa chaki kwamba inapangishwa.

Cherehani yangu nimeitoa mbele. Nimeiweka pale uchochoro unapoanzia, na kiti, na mguu huu nimeunyoosha bila soksi. Anayekuja kuangalia chumba hawezi kufika uani mpaka aniombe nipishe, na mimi sipishi kabla sijamaliza kusema.