Fundi wa Sare za Kwaya

Fundi cherehani wetu wa mtaa wa Kizwite hushona kwa mguu mmoja. Wa pili unacheza na waimbaji wa Kikorea. Simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo, na vijana saba wa kwenye video wakigeuka pamoja, cherehani lazima kisimame kwa heshima. Kesho kwaya yetu inarekodi video, na suruali yangu ya sare bado ina mguu mmoja.

"Ona huyu, mwanangu," akaniambia leo. "Kaachwa, analia, na hii ni suti ya tatu anabadilisha. Mimi nilipoachwa nilishinda na kitenge kile kile wiki nzima."

Akacheka peke yake. Kisha akajifuta jicho kwa ncha ya futi ya kupimia, akaurudisha wimbo mwanzo. Sikumkumbusha suruali. Kesho nitaimba nyuma ya mama mnene wa sauti ya pili.