Kizingiti cha Fundi Futi

Nyumba hii ninayokaa, aliyeniuzia nilimwacha akae ndani siku thelathini baada ya mimi kuinunua. Dada yangu hunicheka mpaka leo. Anasema mimi ni mtu wa kwanza kumwona akinunua nyumba halafu akabisha hodi mlangoni kwake mwenyewe. Namwacha acheke. Yeye hakumjua Fundi Futi kama nilivyomjua mimi, na kila nikimkumbuka mzee yule moyo hunilainika, mimi ambaye si mtu wa kulainika ovyo.

Jina hilo alipewa na mtaa. Alikuwa seremala, mfupi, mkavu, na futi yake ya chuma, ile ya kujikunja yenyewe, haikutoka mfuko wa shati hata siku tuliyokwenda kutia sahihi kwa wakili. Watu walitania kwamba hata salamu aliipima kabla ya kuitoa, maana ukimwamkia alikutazama kwanza toka juu mpaka chini, ndipo akaitikia. Nyumba aliijenga kwa mikono yake, chumba kimoja kimoja, kadiri alivyopata. Milango, madirisha, kabati la ukutani, rafu za jikoni, vyote kazi yake. Nilipokuja kuitazama mara ya kwanza nilifungua na kufunga mlango wa chumbani mara tano, kwa raha tu ya kusikia ulivyokaa sawasawa.

Kasoro ilikuwa moja. Mlango wa jikoni ulikuwa na kizingiti cha mbao kilichoinuka vidole vinne kutoka sakafuni, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kuweka kizingiti. Siku ile ile nilijikwaa, nikazunguka sebule nzima kwa mguu mmoja huku nimeshika kidole. Mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake, akacheka.

"Pole, mwanangu. Fremu hiyo ilikuwa ya mlango wa nje wa mteja fulani. Mteja akaikataa, bwana huyu akaona isiende bure, akaniwekea mimi jikoni. Nikamwambia kitoe hicho kizingiti. Akaniambia wiki ijayo. Huu ni mwaka wa thelathini na moja."

Fundi akakohoa. "Wiki ijayo yenyewe haijafika," akasema.

Walikuwa wanahamia kwa binti yao, kwenye vyumba viwili vilivyosimama nyuma ya nyumba yake bila sakafu wala milango. Vyumba hivyo vingemalizwa kwa fedha ya nyumba hii, kwa hiyo Fundi aliomba tukishamaliza kila kitu tuwaache mwezi mmoja. Wakili, kijana mwenye tai iliyomkaba shingo, alituonya. "Ukimwachia mtu nyumba kwa maneno ya mdomo, umejitafutia kesi," akasema, akaandika karatasi: siku thelathini, umeme na maji juu yao, na kila kilichopigiliwa msumari kibaki kilipo. Baba watoto akaninong'oneza, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa hapa mgeni ni nani?" Nikamkanyaga mguu chini ya meza, nikatia sahihi.

Wema wangu ulianza kuniwasha siku ya tatu. Vyumba vyetu vya kupanga vilikuwa vimeshapata mpangaji mwingine, tukaenda kujibanza kwa dada, watu tisa na choo kimoja. Kila asubuhi nikisimama kwenye foleni ya choo, taulo begani, niliwaza nyumba yangu yenye mlango usiolia bawaba, na wazee wawili wanaojinyoosha ndani yake.

Kazi yangu ni kufua. Niko chumba cha kufulia cha hospitali, na kwetu shuka lisiporudi tunajua limepotelea mikononi mwa nani. Hiyo ndiyo tabia niliyokwenda nayo kwa Fundi kila Jumamosi: kuhesabu. Jumamosi ya kwanza kila kitu kilikuwa mahali pake. Jumamosi ya pili nilimkuta Fundi amepiga magoti sebuleni, anapima kutoka mguu wa kiti cha mkewe hadi mlango wa jikoni na kuandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Nikachungulia jikoni. Rafu zangu zote tatu zilikuwa zimeng'olewa, zimelala chini kando ya ukuta, vyombo vyake vimepangwa mezani.

"Fundi, hizo rafu zilipigiliwa misumari. Karatasi inasema zinabaki."

"Zinabaki, mama. Nazipima tu."

"Zinapimwa zikiwa zimelala sakafuni?"

"Nilitaka unene wake. Nitazirudisha."

Nikapandisha hasira. Nilisema maneno ambayo mengine sitayarudia hapa. Mojawapo ni kwamba aliniuzia mbuzi kwenye gunia, na sasa analitaka na gunia lenyewe. Mzee alikunja futi yake taratibu, akaitazama kama ndiyo iliyotukanwa.

"Mwanangu, kaa nikuletee chai," mkewe akasema, akainuka.

Nilijua macho yake ni mabovu. Sikujua kwamba yalikuwa yamekwisha kabisa. Alikuwa na desturi ya kumgeukia usoni kila anayesema, na Jumamosi iliyotangulia alinisifia hata gauni langu. Sasa nikamtazama vizuri. Alikwenda bila kupapasa, vidole vya mkono wa kulia vikigusa kidogo tu ukingo wa kabati. Kwenye kizingiti kile kilichoning'oa kucha aliinua mguu bila hata kupunguza mwendo. Akawasha jiko, akateleka birika, akasimama akilisikiliza mpaka likaanza kulia. Akamimina huku ncha ya kidole ikiwa ndani ya kikombe, ijue chai imefika wapi. Akaniletea mkononi, na tone halikumwagika.

"Hatua saba," akasema akikaa. "Kutoka hapa mpaka mlangoni ni saba. Ndani, mkono wa kulia ni rafu. Ya chini sufuria, ya kati vikombe, ya juu sukari na majani. Gauni lako sikuliona, nililisikia linachakarika, nikajua ni jipya."

Nikaona aibu, nikaificha kwenye kikombe.

"Kule kwa binti yangu, nisipojua pa kukanyaga, nitawekwa kitini," akaendelea. "Watanipenda, tena sana. Watanilisha, watanifunika shuka, hata maji ya kunywa nitaletewa. Nitakuwa mtoto mchanga mwenye mvi. Sitaki. Nikamwambia huyu bwana, nijengee jiko hili hili kule, kila kitu kilipo. Ndiyo hicho anachopima."

Chai ile niliinywa ya moto hivyo hivyo, ikaniunguza ulimi, nikaona ni haki yangu. Kisha nikamwomba Fundi radhi. Akanitazama toka juu mpaka chini, akaipima radhi yangu, akaona inatosha. "Basi shika huku," akaniambia, akanipa ncha ya futi.

Tangu siku hiyo, Jumamosi zangu zilikuwa za kushika ncha ya futi. Ninazikumbuka Jumamosi hizo kuliko sikukuu nyingi nilizowahi kusherehekea. Fundi alipima urefu wa rafu, nafasi ya kiti, upande ambao mlango hufungukia, hata umbali wa ndoano ya taulo kutoka kwenye beseni. Huku tukipima, bibi alisimulia. Alinieleza kwamba ujanani alipeleka kigoda kwa seremala mmoja kirekebishwe mguu, na seremala akakipima mara tatu, akamwambia arudi kesho, akarudi, kikapimwa tena.

"Kigoda chenyewe hakikuwa na ubovu wowote," akasema. "Nilikivunja kidogo mwenyewe, nipate sababu."

"Nilijua," Fundi akasema kutoka jikoni. "Mguu hauvunjiki namna ile."

Wakacheka wote wawili, yeye kule, huyu huku, nami katikati nimeshika futi. Nilimtamania baba watoto asikie, lakini alikuwa kwa dada, kwenye foleni.

Siku ya thelathini walinikabidhi funguo. Nyumba ilikuwa imefagiwa mpaka pembeni, rafu zimerudi, misumari imezamishwa vizuri kuliko mwanzo. Fundi alifungua na kufunga kila mlango mara moja moja. Bibi alipita chumba hadi chumba, kiganja kikiteleza ukutani, akatoka nje akapanda gari. Siku hiyo sikuwa na hasira na mtu.

Hasira ilirudi mapema, maana kwa siku nne za kwanza nilizokaa hapa nilijikwaa kwenye kile kizingiti mara sita. Baba watoto akaapa kukipiga shoka Jumapili. Asubuhi ya siku ya tano, mlango ukagongwa. Fundi Futi, kofia mkononi.

"Nimesahau kitu, mama."

"Umesahau nini tena, Fundi? Nyumba nzima uliimaliza kwa futi!"

Hakuketi mpaka nilipomvutia kiti. Alizungumza akiwa ameinamia kofia. Jiko la kule lilikuwa limekamilika, akasema, rafu kwa rafu. Bibi alihesabu hatua zake siku ile ile ya kwanza, kwa furaha, binti yao akitazama. Hatua ya saba akainua mguu, akaushusha pasipo na kitu, akapepesuka, akalishika birika lililokuwa motoni, akaenda nalo chini. Mkono haukuungua sana. Lakini alipokalishwa kitini hakuinuka tena. Siku ya nne hiyo. Binti yake anamletea chai, anasema ahsante, anainywa. Hata kucheka amekoma.

"Nikamwuliza, umeinua mguu kwa nini? Akasema, kwa ajili ya kizingiti. Nikamwuliza, kizingiti gani?" Mzee akanyanyua uso. "Mwanangu, wallahi sikukumbuka. Miaka thelathini na moja nakivuka. Nimepima mpaka ndoano ya taulo, kile sikukiona."

Mganga hajigangi, niliwaza. Mimi kizingiti kile nilikuwa nakiona kila siku, tena kwa kidole cha mguu.

"Nimekuja kukipima tu," akasema. "Nitachonga kingine."

Akapiga magoti, akakunjua futi. Akapima kimo na upana. Kisha akafika katikati, mahali palipolika kwa nyayo, bonde dogo laini lililoelemea upande mmoja. Akaweka futi pale, akaiondoa, akaiweka tena. Akapitisha kidole gumba.

"Hapa nitapakisia," akasema taratibu.

"Chukua chenyewe."

"Hapana, mama. Kimepigiliwa. Karatasi..."

"Fundi, usinitie wazimu asubuhi yote hii! Karatasi niliyotia sahihi ni yangu na nyumba ni yangu. Lete msumeno."

Alikata kwa saa nzima, polepole, magoti yake kwenye mto wangu wa kochi niliomtandikia. Akachomoa kipande kizima bila kukichana hata ukingoni. Palipobaki pengo akapachika ubao, akaupiga randa mpaka ukalingana na sakafu, usiusikie hata ukipita bila viatu. Nikamfungia kizingiti chake ndani ya shuka langu la kitanda, moja katika yale ninayoyajua idadi yake, akaenda nacho begani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuwatazama. Bibi alikuwa kitini, binti yake amesimama karibu naye mikono tayari, kama anayesubiri chombo kianguke. Fundi alikuwa mlangoni mwa jikoni, vumbi la mbao kwenye nyusi, anaogopa waziwazi.

"Nimesikia gauni," bibi akasema. "Amekuja mwanangu. Atakunywa chai." Lakini hakuinuka.

"Nitakunywa ukiniletea wewe," nikasema. "Sikuja kwa mtu mwingine."

Akashika mikono ya kiti, akasimama. Binti akasogea, Fundi akamzuia kwa kiganja. Nilihesabu hatua kimoyomoyo, na nadhani sote tulihesabu. Ya saba, akainua mguu. Akaushusha polepole, akavua kandambili, akaukanyaga mti kwa unyayo mtupu, akausogeza kidogo huku na kidogo huku mpaka ukalala ndani ya lile bonde.

"Ni chenyewe," akasema.

Akaingia. Tukasikia kiberiti, kisha birika. Fundi akageukia ukutani akajifanya anakagua fremu, na mabega yalikuwa yakimtikisika. Mimi nililia wazi, sikuona sababu ya kujifanya nakagua chochote.

Fundi alifariki miaka mitatu baadaye. Tulipokwenda kuwapa pole, nyumba ilijaa watu, na kila aliyekwenda jikoni alijikwaa. Alianza jirani na sinia la vikombe, akafuata shemeji yao, halafu baba watoto, ambaye alitakiwa ajue zaidi kuliko wote. Mwishowe binti akamwinamia mama yake kitini. "Mama, sasa tukitoe hiki kizingiti. Kitaumiza watu."

Bibi akainuka. Watu wakampisha. Akaenda hatua zake saba, akainua mguu, akaukanyagisha palipolika, akasimama pale kwa muda, mkono kwenye fremu.

"Kitatolewa," akasema. "Wiki ijayo."