Simu Zilizofunikwa Kanga

Asubuhi nakaa Maili Moja, kwenye benchi la fundi simu. Si kwamba nina simu mbovu. Nakaa pale kwa sababu nyumbani kwangu kuna wanawake wawili, mke wangu na dada yangu, na hewa ya mle ndani siku hizi haivutiki. Sababu yake nitaisema. Mnivumilie tu, mimi nasimulia kama ng'ombe wa Magindu anavyokwenda lamboni: atafika, lakini kila kichaka lazima akionje.

Majuzi redio ya fundi ilitangaza kwamba huko nje karatasi za siri za serikali moja zimevuja, na zinaonyesha serikali hiyo ilikuwa inasikiliza simu za watu wake. Benchi zima likashika vichwa. Kuna mzee mwenzetu pale, mstaafu, alikuwa karani wa ofisi. Kesho yake alikuja amebandika plasta ya kidonda kwenye kitundu cha kamera ya simu yake.

Nikamuuliza, "Mzee mwenzangu, hiyo plasta ya nini?"

"Wasinione."

"Wakikuona watapata nini? Mkeo anakuona kila siku na hajawahi kumwambia mtu."

Benchi likacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia mimi ni mtu wa darasa la tatu, mambo ya faragha siyajui. Kweli, shule niliiacha darasa la tatu kule kwetu Chole, Kisarawe, na kuandika kwangu ndiko huku mnakokuona. Lakini maoni ninayo, na maoni hayaulizi cheti.

Maoni yangu ni haya. Serikali kusikiliza si habari. Habari ni kwamba kuna watu wazima, wenye meno yao, walidhani haisikilizi. Kila mwenye mamlaka anasikiliza. Jumbe wa zamani alisikiliza, balozi wa nyumba kumi alisikiliza, mama mkwe anasikiliza mpaka kitanda. Tofauti ni kwamba hawa wa zamani walikuwa wanasinzia. Mashine haisinzii.

Na mimi serikali inanijua vizuri. Tuliposajili laini kwa alama za vidole, vidole vyangu vilikataa. Mashine ililitazama dole gumba langu, ikalitazama tena, ikasema hapa hakuna mtu. Jembe na mkaa vilishalamba michirizi yote. Binti wa kibandani akanipaka mafuta, akanifuta kwa spiriti, akasema, "Babu, wewe umefutika."

Nikamwambia, "Basi waambie nimekufa, walete ubani."

Mwisho kikasomeka kidole kidogo cha kushoto, kile ambacho sikifanyii kazi yoyote ila kuchokonolea sikio. Kwa hiyo serikali inanijua kwa kidole cha sikio. Tumefaana.

Anayenishughulisha mimi siye anayesikiliza. Ni anayevujisha. Redioni wanabishana, mmoja anamwita shujaa, mwingine msaliti, na wote wawili hawajawahi kumwona. Mimi nasema muulizeni kwanza alikuwa anakula wapi, na nani alimkanyaga mguu. Mvujishaji hatoki mbali. Aliyevujisha siri za serikali alikuwa anakula mezani pa serikali. Na aliyevujisha za kwetu alikuwa anakula kwangu.

Dada yangu ni kungwi. Mwali akikaribia kuolewa, yeye ndiye anayefungiwa naye chumbani kumfunda: na mume kunaishiwaje, ukweni kunaliwaje, aibu inafichwaje. Kule Chole, ukiolewa bila dada kukugusa, walisema umeolewa mbichi. Mumewe alishakufa, mtoto hakujaliwa, na shamba lake la mihogo nguruwe wanalivuna kabla yake. Alichokuwa nacho duniani ni hicho kiti. Harusi ikitajwa, anapelekewa kanga, anafuatwa kwake, anapewa mkeka wa mbele. Mwondolee hicho, unabakia na bibi kizee na nguruwe.

Mdomo wake ni mkali, simsafishi. Mke wangu ameula huo mdomo tangu alipokanyaga kwetu. Mke wangu ni mtu wa bara, wazazi wake walihamia Kibaha kikazi, na wali wa nazi alijifunzia ukubwani. Siku ya kwanza alipompakulia dada, mbele ya wageni, dada alionja akauliza, "Wifi, huu wali umeupika au umeuokoa?"

Maneno hayo yamekuwa mali ya ukoo. Hakuna msiba wala harusi yasiporudiwa, na watoto wanafundishwa wakiwa bado wanatambaa. Mke wangu hucheka pamoja na wengine. Nilidhani ameyazoea. Mwanaume hudhani hivyo.

Mwaka jana akaposwa binti wa marehemu mdogo wangu. Binti ana kazi ya ofisini hapahapa Kibaha, kompyuta, kiyoyozi, kiti cha kuzunguka. Mchumba naye wa ofisini, tai shingoni, lakini mzizi wake ni Chole. Mama yake na dada yangu walichota maji kisima kimoja. Binti akasema kufundwa hataki, atajifunza kwenye simu, kila kitu kimo. Nikamwambia simu haijawahi kuolewa. Hapa mimi ndiye baba mkubwa, utafundwa. Dada akaja na basi, na kapu lake la ukindu.

Sasa sikilizeni habari ya kapu, maana ndipo akili zetu zilipoishia. Dada alishasikia kwamba siku hizi mambo ya ndani yanaishia kwenye simu, akatoa sharti: chumba cha mwali hakiingii simu. Kila mwanamke aliyevuka kizingiti alitumbukiza yake kapuni. Dada akazifunika kanga, doti nzima, akapiga fundo. Halafu, kwa kuogopa wezi, kapu hakuliacha nje. Aliingia nalo! Akaliweka ubavuni, akaegemeza kiwiko juu yake, akaanza kufunda.

Kwa akili ya dada, na ya wote waliokuwa mle ndani, wenye diploma na wasio nayo, simu iliyofunikwa imelala. Kuku ukimfunika kwa tenga anadhani kumekuchwa, ananyamaza. Wakaifanya simu kuku. Ndiyo maana plasta ya yule karani ilinichekesha vile: kumbe Chole na ofisini akili ni moja.

Pilau ya harusi haijatiwa hata moto, sauti ya dada ilikuwa kwenye simu zote kuanzia Mlandizi mpaka Kisarawe. Ilipoingia kwenye kundi la ukoo ilikuwa imeshatumwa na kutumwa, kama noti iliyopita sokoni, hujui imetoka mfuko gani. Kipande kifupi tu, safi kama cha redio, maana simu ilikuwa chini ya kiwiko chake.

"Mwanangu," dada anasema humo, "huyo bwana nimemlea mimi. Alikojoa kitandani mpaka ndevu zinaota. Hata sasa akihangaika na jambo, hulowanisha. Tandika nailoni." Hapo wanawake wanaangua kicheko, na kipande kinakatika.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Uongo sitasema. Nilimpigia mpaka mtu nisiyeelewana naye nimsikilizishe.

Bwana harusi akaacha kupita barabara ya stendi. Vijana wa bodaboda walikuwa wanamngoja: "Bosi, leo hali ya hewa inasemaje? Mvua ipo?" Ofisini kwao mtu akamwekea roli la nailoni juu ya meza, limefungwa utepe wa zawadi. Wasomi hao, wanaotushauri sisi tuache ushamba.

Mama yake akaja kwangu na kundi la wanawake nyuma yake. Dada alikuwa uani anapepeta mchele.

"Wewe, mdomo wako hauna mlango?"

"Ulikuwepo," dada akasema, hakuacha kupepeta. "Mmeuvunja nyie na simu zenu."

"Mwanangu anachekwa kazini!"

"Afadhali anachekwa mkavu."

Hapo nilijua hatutapona.

Tukakaa kikao asubuhi ya siku ya harusi yenyewe, wazee wa pande zote mbili, sebuleni kwangu. Na hapa ndipo nawacheka watu wa redioni. Wao serikali zao zinamwinda mvujishaji na kusahau kilichovuja. Sisi tulifanya kinyume chake, tena kwa bidii. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alirekodi. Tulimwinda aliyesema. Mvujishaji alikuwa anapita katikati yetu na sinia la soda, anatuuliza baridi au ya moto.

Ikaamuliwa harusi iendelee, kadi zilishagawiwa. Dada asikanyage ukumbini. Na asimfunde tena binti yeyote wa koo zile mbili.

Dada akamgeukia mwali. "Mwanangu, wewe ulikuwemo ndani. Waambie nilivyomalizia."

Binti akatazama kucha zake, zilikuwa zimeshapakwa za harusi. "Shangazi, naomba yaishe tu."

"Yaishe?"

"Yaishe, shangazi."

Nikampandisha dada basi siku hiyohiyo, na kapu lake. Wakati ukumbini wanacheza, yeye alikuwa anateremka Kisarawe kutafuta pikipiki ya kumfikisha Chole.

Kule nako habari ilishamtangulia. Harusi iliyofuata, ya jirani wa ua kwa ua, hawakumfuata. Walimleta kungwi kijana kutoka Dar, nyusi za kuchora, kipaza sauti mkononi, anajirekodi mwenyewe akifunda na kuyarusha kwa yeyote anayetaka. Hayohayo ya dada, neno kwa neno, ila katikati linaingia tangazo la sabuni. Na watu wanasema ndiyo maendeleo. Ukivujishwa ni mhuni, ukijivujisha ni mjasiriamali. Teknolojia hiyo mnayoisifu, mimi sijaona kingine ilichobadilisha.

Nikaenda kumtazama. Nilimkuta barazani anamenya mihogo, amekonda, kanga imefifia. Kanga mpya zilikuwa za harusi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Ile sauti yangu unayo?"

Ninayo, nikamwambia. Yote. Maana baada ya kile kipande, watu walirushiana na ule mkanda mrefu, uliokamilika, lakini hakuna aliyeusikiliza. Kila mtu aliruka mpaka kwenye nailoni, akacheka, akafunga.

"Iweke. Kuanzia mwanzo."

"Mwanzo hakuna kitu, dada. Ni makelele ya kapu."

"Weka mwanzo. Mimi sina ninakowahi."

Nikaweka. Ukindu ukakwaruza, vicheko, milango. Kisha ikaja sauti, karibu mno, mpaka pumzi unaisikia, ya mtu aliyeishika simu usoni pake: "Wifi, hii yangu iweke juujuu, kioo kimepasuka, isije ikaumia." Na sauti ya dada: "Lete."

Kisu kikasimama kwenye muhogo.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mke wangu akasema tena. Kioo cha simu yake kilipasuka nilipoikalia mimi mwenyewe.

Dada akaashiria niendelee, tukasikiliza mpaka mwisho kabisa. Nailoni ikafika, kicheko kikafika, na pale kipande kinapokatikaga, sauti yake ikaendelea, na ilikuwa kali: "Mnacheka nini? Usimcheke, mwanangu. Siku ikimtokea, akiamka wewe uwe umeshaanika na chai ipo mezani. Asikuone unamtazama. Ukimtunzia hilo, hatakuacha mpaka kaburini."

Ikanyamaza. Dada akaurudia muhogo wake.

"Nilimfunda vizuri," akasema.

"Nitamwita mke wangu aje kukuomba radhi. Mbele ya wazee walewale."

"Umwite? Akija atalia. Akilia mtamsamehe, mtakula wali, yatakwisha." Akautupa muhogo kwenye beseni. "Mimi yangu yamekwisha?"

"Sasa unataka nini, dada?"

"Anajua kwamba najua?"

"Atajuaje?"

"Basi asijue." Akafuta kisu kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza tangu nimefika akacheka. "Nyie si ndio mnasikiliza redio? Anayesikia, huku anayesikiwa hana hakika kama anasikiwa. Huyo ndiye serikali. Nifungie mizigo, nakuja kukaa kwenu."

Ndivyo alivyohamia Kibaha. Chole hakubakisha kitu, nguruwe wamerithi shamba.

Asubuhi, chai ikishanywewa, anaita kutoka kwenye mkeka wake, kwa sauti tamu kama ya mgonjwa: "Wifi, mama, hebu niletee ile simu yako ya kioo kilichopasuka." Mke wangu anaileta. Dada anaitumbukiza kapuni, anaifunika kanga, anapiga fundo, anaegemeza kiwiko. "Haya, kaa wifi yangu. Tuzungumze." Halafu hazungumzi. Anamtazama tu. Mke wangu anakaa pale, mikono mapajani, anatazama kapu, na jasho linamtoka.

Jana alinifuata uani. "Mume wangu, dada yako anajua nini?"

"Kuhusu nini?" nikamuuliza.

Akarudi jikoni akigeuka nyuma. Yule mzee wa plasta angemwelewa.

Mchana akapika wali wa nazi. Siku hizi anaupika kama wa mazishi ya sultani, punje haigusani na punje. Dada akala, akalamba vidole, akasukuma sahani.

"Wifi," akasema, "leo wali mzuri sana."

Mke wangu akaangusha upawa.